Nauziwa Canter 4x4 iliyojengewa chumba cha kulala juu. Wajuzi nisaidieni kuikagua kabla sijatoa pesa

ChaliiWaNjiro · Alhamisi, saa 3 usiku

Wakuu, heshima mbele. Sitazunguka. Kuna Canter inauzwa Usa River, kwa mzee mmoja aliyekuwa dereva wa watalii. Ni Mitsubishi Fuso FG, ile yenye difu mbele na nyuma, namba C, kichwa kifupi cha watu watatu. Japani ilikuwa gari la zimamoto. Mzee aliitoa tenki na pampu, akajenga chumba juu kwa mikono yake pamoja na fundi wa kuchomelea. Kuna kitanda cha watu wawili kinachotokeza juu ya kichwa cha gari, meza inayogeuka kitanda cha watoto, jiko la gesi, sinki, friji ndogo, paneli mbili za sola, tenki la maji la lita 300 na choo cha kubeba.

Mpango wake ulikuwa azunguke na mama mpaka Katavi. Mama magoti yamegoma, ngazi hapandi tena, gari limekaa chini ya mwembe miezi 14.

Injini 4D33, dizeli, haina turbo. Odometa inasoma kilomita 31,400. Anataka milioni 52, maongezi yapo.

Mimi mwalimu, mke wangu nesi, watoto wawili wa shule ya msingi. Tunawaza Natron, Ruaha, na tukijaliwa Katavi. Nimeiona mara moja tu na tangu siku hiyo naiota, ndiyo maana nimekimbilia huku kabla sijatoa hata mia. Nikague nini? Picha zimegoma kupanda, nitajaribu tena.

SembeKavu · Alhamisi, saa 3 usiku

Milioni 52 ukalale porini na mbu? Nunua Noah, chenji inayobaki lala lodge mpaka ustaafu.

FundiSpringi · Alhamisi, saa 4 usiku

SembeKavu tuachie uzi wetu.

Chalii, umefanya la maana kuuliza mapema. Nipo Unga Ltd, hapa Arusha, kazi yangu springi na chasisi. Chini ya Canter nimelala kuliko nilivyolala kitandani kwangu.

Kwa leo sahau sinki na kitanda. Unauziwa vitu viwili, lori na chumba, na ugonjwa wa magari ya namna hii hukaa pale vilipounganishwa. Chasisi ya Canter imetengenezwa ijipinde. Tairi moja la mbele likipanda jiwe, chuma kinajisokota kama nguo inayokamuliwa, ukishuka kinarudi. Lori la mchanga halilalamiki kwa sababu bodi lake la mbao nalo linacheza. Chumba hakichezi, ni sanduku lenye kuta nne na dari. Ukikibana kwa bolti moja kwa moja kwenye chasisi, kimoja kitamshinda mwenzake. Ama chumba kitaachia kwenye pembe za mlango na madirisha, ama chasisi itapasuka. Ikipasuka, huwa ni nyuma tu ya kichwa, pale chumba kinapoanzia.

Lala chini na tochi na brashi ya waya. Kwangua matope, usitazame rangi. Ufa unaanza mwembamba kama unywele na mara nyingi unatoa ute wa kutu ya rangi ya chai. Tazama kama amechomelea chochote au kutoboa tundu kwenye ukingo wa juu au wa chini wa chasisi. Kingo ndizo zinazobeba mzigo. Matundu ya kiwandani yako ubavuni. Ukikuta kachomelea ukingoni, shika simu yako, aga vizuri, nenda nyumbani.

Halafu fanya jaribio hili, halina gharama. Tafuta mawe mawili ya bapa, unene wa sentimita 20 hadi 25. Pandisha tairi la mbele kushoto juu ya moja, na la nyuma kulia juu ya jingine. Gari likiwa limesimama hivyo, nenda kafungue mlango wa chumba. Ufunge. Fungua madirisha yote. Mlango ukigoma, chumba kimebanwa, na kila kilomita ya porini inakivunja kidogo kidogo hata kama leo kinang'aa.

KijanaWaIsiolo · Ijumaa, saa 12 asubuhi

Salamu kutoka Kenya. Huyo fundi msikize vizuri sana. Mimi nilijenga yangu juu ya Isuzu NPS, fundi wa mtaani akaifunga na bolti kumi na mbili, tukaona hiyo ndiyo ngumu. Barabara ya kwenda Loiyangalani ikanifunza adabu. Yale mawe meusi, hakuna kwenda haraka, ni kuyumba tu siku nzima. Vile tulifika ziwani, dirisha la upande wa bibi lilikuwa limetoka na fremu yake, limeshikiliwa na pazia.

Kingine, wasiwasi wangu ni hizo kilomita. Gari la zimamoto huwa linasimama mahali pamoja injini ikizungusha pampu. Odometa haihesabu hiyo kazi. Kilomita 31,400 inaweza kuwa kweli kabisa na injini ikawa imefanya masaa ya gari la laki mbili. Ama pia inaweza kuwa safi maana hao watu hutunza. Usilipie odometa, lipia vile injini inawaka asubuhi ikiwa baridi. Mwambie mzee asiiwashe kabla ufike. Shika boneti... sorry, hiyo haina boneti. Shika ubavu wa injini na mkono, ukipata iko moto, ujue kuna kitu alikuwa anaficha.

ChaliiWaNjiro · Ijumaa, saa 1 asubuhi

Kijana wa Isiolo nimecheka hilo la pazia. Hilo la asubuhi nimeliandika. Naenda kesho saa 12:30.

MamaTengeru · Ijumaa, saa 4 asubuhi

Baba, mmeongelea vyuma tu, mimi nauliza watoto watakaa wapi gari likitembea? Kichwa cha watu watatu, ninyi mko wanne. Msije mkaniambia watoto watakaa kule nyuma mezani. Mkanda hakuna, mkifunga breki ya ghafla mtoto anaruka na sufuria. Na mkiwa mbele hamtamsikia akilia.

La pili gesi. Mtungi umewekwa wapi? Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi dirishani, inashuka sakafuni na kulala kama maji. Kwa hiyo mtungi unatakiwa ukae kwenye kasha lake lililozibwa upande wa ndani, na chini kuwe na tundu la kutokea nje. Wanaume mnapenda kuuficha chini ya kochi kwa sababu pana nafasi. Nyuma ya tundu chungulia kusiwe na ekzozi.

La tatu, nenda na mke wako, alale kwenye kile kitanda dakika kumi. Sisi tuliwahi kukodi gari la hivyo, kitanda kilikuwa na urefu wa mita moja na sabini. Baba watoto ana mita moja na themanini na tano. Siku tatu kalala kama ndizi.

UmemeMdogo · Ijumaa, saa 5 asubuhi

Naingia kwenye umeme, ndipo wajenzi wa nyumbani wanapochemka. Canter ya Japani ni volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo. Friji, taa na chaja za simu ni volti 12. Njia ya mkato inayofanywa na kila mtu ni kuchomoa 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inafanya kazi. Inafanya kazi miezi mitatu. Betri moja inanyonywa, mwenzake anakaa ameshiba, alteneta inawachaji wote kana kwamba wako sawa. Wa kwanza anakufa kwa njaa na wa pili anakufa kwa kuvimbiwa.

Nenda na mita, zile za elfu kumi na tano zinatosha. Pima kila betri peke yake, gari likiwa limezimwa tangu usiku. Tofauti ikizidi volti 0.2 au 0.3, umepata jibu. Kisha fuata waya mnene wa chanya kutoka betri ya chumba. Kabla haujafika mbali lazima ukutane na fyuzi. Kama fyuzi iko mita tatu mbele karibu na inveta, hiyo mita tatu yote ni utambi.

Na muulize friji inakaa muda gani bila jua. Betri za kawaida za asidi usihesabu zaidi ya nusu ya kilichoandikwa. Imeandikwa ampea-saa (Ah) 200, wewe una 100. Friji ndogo ya kompresa kwenye joto la Mto wa Mbu inaweza kula 40 au zaidi kwa siku, hapo bado taa, pampu ya maji na tableti za watoto. Mkiegesha chini ya mti kutafuta kivuli, sola nayo imelala.

MmakondeHamburg · Ijumaa, saa 8 mchana

Niko Ujerumani, huku magari haya yana wazimu wake, watu wanajenga juu ya malori ya jeshi. Nimefanya kazi kwenye karakana ya namna hiyo. Nimuunge mkono FundiSpringi kwa mfano. Unimog U1300L, ile yenye OM352 ya silinda sita, jeshi la Ujerumani liliitumia sana kubebea wagonjwa. Chumba cha wagonjwa hakikubanwa pembe nne kwenye chasisi. Kilishikwa kwa namna inayoiacha chasisi ijisokote chini wakati chumba kimetulia.

Kwa Canter si lazima kitu cha ajabu. Njia rahisi ni fremu ya pili ya chuma chini ya chumba, inayolala juu ya chasisi urefu wote. Nyuma inabanwa kabisa. Mbele inashikwa na bolti ndefu zenye springi fupi nzito, ili chasisi ikijipinda fremu iachane nayo kidogo, springi ikaminyika, kisha irudi. Pembeni kunawekwa vibati vya kuongoza ili chumba kisitembee kushoto na kulia. Ukichungulia nyuma ya kichwa ukaona springi hizo, huyo mzee alijua anachofanya. Ukiona yu-bolti (bolti za umbo la U) zimekazwa mpaka mwisho pembe zote, alikuwa anaiga lori la soda.

Na swali ambalo hakuna aliyeliuliza: kichwa kinalala mbele?

ChaliiWaNjiro · Ijumaa, saa 8 mchana

Kivipi kinalala?

MmakondeHamburg · Ijumaa, saa 9 alasiri

Injini ya Canter iko chini ya viti. Ili uifikie unafungua loki, unakilaza kichwa chote kwa mbele. Umesema kitanda kinatokeza juu ya kichwa. Kichwa kikilala, ukingo wake wa nyuma unapanda juu kabla haujaenda mbele. Kitanda kikiwa chini, utagonga. Kawaombe wakilaze mbele yako.

FundiSpringi · Ijumaa, saa 9 alasiri

Daah, Mmakonde umeniwahi. Hilo ndilo la kwanza kujaribu kesho. Kabla ya mawe.

ChaliiWaNjiro · Jumamosi, saa 7 mchana

Wakuu, nimerudi. Nimechafuka mpaka masikioni. Nitaeleza yote, msinikatishe.

Nimefika saa moja kasoro, gari baridi kabisa, umande uko kwenye kioo. Mzee ameshika ufunguo lakini hajawasha. Aliwasha mbele yangu, ikashika mzunguko wa kwanza, moshi mweupe kidogo ukapotea ndani ya dakika. Haikutoa moshi wa bluu. Oili nyeusi lakini haina maziwa. Hapo nikaanza kufurahi.

Nikamwambia, mzee wangu shikamoo tena, naomba tulaze kichwa. Akanyamaza. Akasema, "Kichwa hakilali, mwanangu. Mimi oili namwaga kwa chini." Tukajaribu. Loki ikafunguka, kichwa kikanyanyuka kama kiganja cha mkono, koo! kikagonga sakafu ya kitanda. Pana mkwaruzo wa zamani palepale, maana yake alishajaribu siku nyingi. Kwa hiyo siku nozo zikisumbua au gasketi ya hedi ikiondoka, chumba kizima kinashushwa kwa kreni kwanza.

Mawe. Mbele kushoto na nyuma kulia kama mlivyosema. Mlango wa chumba ulifunguka, kufunga ukakataa. Kitasa kilikuwa chini ya tundu lake kwa unene wa kidole. Tulipoliteremsha gari, mlango ukafunga wenyewe kama hakuna kilichotokea. Chini nikakuta yu-bolti nane, zote zimekazwa, na kati ya fremu ya chumba na chasisi ameweka vipande vya tairi kuukuu. Nyufa sikuona, nimekwangua mpaka brashi imeisha nywele. Hakuna kilichochomelewa kwenye chasisi. Hapo mzee nampa heshima yake.

Ndani, kona ya juu ya kitanda upande wa dereva, nilisukuma bisibisi kwenye plaiwudi. Ikaingia kama kwenye keki. Pazia la khanga limeshonewa palepale kuficha.

Betri: moja 12.7, nyingine 11.5. UmemeMdogo, wewe ni mganga?

Mtungi wa gesi wa kilo 6 uko chini ya kochi. Mama Tengeru, nawe ni mganga. Tundu la chini halipo.

Matairi kashata (meno yake) zimejaa, yanapendeza. Pembeni imeandikwa 3511.

KijanaWaIsiolo · Jumamosi, saa 8 mchana

3511 ni wiki ya 35 ya mwaka 2011. Hizo kashata ni za maonyesho bro. Mpira umekauka, utapasuka ukiwa mbali na kila mtu. Hesabu sita mpya.

FundiSpringi · Jumamosi, saa 8 mchana

Chalii umefanya kazi ya kiume. Sasa hiyo plaiwudi isikutishe sana, ila uelewe imetoka wapi. Kuta zake zimejengwaje? Skwea paipu ndani, bati nje, plaiwudi ndani?

ChaliiWaNjiro · Jumamosi, saa 9 alasiri

Ndiyo. Katikati kajaza shiti za stairofomu nyeupe, zile za kufungia televisheni.

FundiSpringi · Jumamosi, saa 9 alasiri

Basi maji hayatoki juu peke yake. Skwea paipu imegusa bati la nje na plaiwudi la ndani kwa pamoja, kwa hiyo ubaridi unapita kwenye chuma kama barabara ya lami. Mkilala wanne Simba kempu, juu ukingoni mwa Ngorongoro, kule ni zaidi ya mita 2,000 na usiku unatetemeka. Pumzi zenu zinageuka maji kwenye mistari ya vyuma vile, zinateremka ndani ya ukuta. Ukiziba paa kwa silikoni utakuwa umeziba nusu ya tatizo. Waliojenga vizuri wanatumia paneli za faiba zenye povu katikati, kama bodi za magari ya nyama, hazina chuma cha kupitisha baridi.

Umeipima uzito?

ChaliiWaNjiro · Jumapili, saa 10 jioni

Leo baada ya kanisa tumeipeleka kwenye mizani ya ghala la mahindi, kijana wa pale katutoza elfu kumi. Maji hakuna, tenki la dizeli nusu, sote tumeshuka. Ekseli ya mbele kilo 2,180, ya nyuma 4,140. Jumla 6,320. Kibao cha mlangoni kinasema uzito wa juu kabisa, pamoja na mzigo, ni 5,990.

Nimerudia kukisoma mara tatu nikidhani nimekosea mstari.

FundiSpringi · Jumapili, saa 11 jioni

Ongeza sasa. Maji 300. Ninyi wanne tuseme 210. Dizeli ya kujaza 40. Chakula, nguo na jeki, 50, na hapo nakuonea huruma. Unafika 6,920. Tani moja kasoro kidogo juu ya kibao.

Na tenki la maji liko wapi? Kama liko nyuma ya ekseli ya nyuma, hizo kilo 300 haziishii kukandamiza nyuma tu, zinanyanyua na mbele. Stelingi inakuwa nyepesi, utaona kwenye mchanga wa Engaruka gari linakwenda linakotaka lenyewe.

SembeKavu · Jumapili, saa 12 jioni

Si wapite tu, nani atawapima? Malori yanapita na tani 30.

FundiSpringi · Jumapili, saa 12 jioni

Mizani za barabarani atapita, kweli. Ni lazima aingie kwa sababu gari limezidi tani 3.5, lakini sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaipa ekseli ya mbele tani 8 na ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Mwenye mizani atamuaga kwa mkono. Kitakachomkamata ni ule mteremko wa kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, ana tani karibu saba kwenye breki za tani sita, na watoto mbele. Pale chini pana ziwa zuri, ila mimi sitaki aliangalie kwa haraka.

Na getini kwa TANAPA gari linatozwa kulingana na uzito wake. Kila kilo ya plaiwudi utailipia kila safari.

KaraniMstaafu · Jumapili, saa 2 usiku

Nimewafuatilia kimya. Mmemaliza chasisi, kadi ya gari je? Namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma ilingane na kadi, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo mzee. Aina ya bodi iliyoandikwa ifanane na unachokiona, kwa sababu lori la mizigo lenye kitanda litakupa maswali bima siku ya ajali, na mabadiliko ya gari yanatakiwa yaripotiwe TRA. Angalia na faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujasaini kwa wakili.

ChaliiWaNjiro · Jumapili, saa 3 usiku

Namba inalingana. Jina si la mzee. Ni la kampuni aliyonunua kwao, hakubadilisha umiliki. Aina ya bodi bado imeandikwa gari la zimamoto.

KaraniMstaafu · Jumapili, saa 3 usiku

Basi hata shilingi isitoke mpaka yeye kwanza awe mwenye gari kwa karatasi. Kampuni ikifungwa au wakurugenzi wakigombana, utabaki na nyumba ya magurudumu ambayo huwezi kuiuza.

MamaTengeru · Jumapili, saa 3 usiku

Sasa baba unaachana nayo au bado unaiota?

ChaliiWaNjiro · Jumapili, saa 4 usiku

Bado naiota, sitadanganya. Niwaambie kitu. Mzee kanionyesha daftari, lile la kaunta kubwa. Kaandika kila kitu alichonunua, mpaka skrubu, tarehe na bei. Ukurasa mmoja kachora mpango wa kitanda, pembeni kaandika "mama upande wa dirisha". Nimeshindwa kumwambia plaiwudi limeoza.

FundiSpringi · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Naelewa mkuu. Lakini lile daftari ni lake, wewe usilinunue. Mimi ninavyohesabu, chumba thamani yake ni sifuri, na pengine chini ya sifuri kwa sababu kukishusha ni pesa. Unanunua FG nzima yenye chasisi isiyo na ufa na injini inayowaka kwa mara moja, na hizo si nyingi mjini. Tupu, mimi ningeitolea kati ya 28 na 32, nikishaiendesha. Umewahi kuingiza gia nzito ya porini? Kuna FG zenye nzito na kuna zisizo nayo, stika haimaanishi kitu. Ingiza, tembea mita hamsini kwenye udongo, sikiliza.

Chumba kinaweza kuokolewa. Ile pua ya kitanda ikatwe, kitanda kihamie nyuma kwa kukatisha. Hapo hapo umepunguza uzito, kichwa kinalala, na kona iliyooza imeondoka nayo. Yu-bolti za mbele zitoke, ziwekwe springi kama alivyoeleza Mmakonde. Tenki la maji likatwe nusu lisogezwe mbele ya ekseli ya nyuma. Kazi ya wiki tatu kwangu, na sikutafutii bei hapa hadharani.

Watoto ni suala jingine, hilo sina dawa yake kwenye kichwa cha watu watatu.

MmakondeHamburg · Jumatatu, saa 4 asubuhi

Mimi naona mnamwonea mzee kidogo kwa kusema sifuri. Chasisi haina ufa kwa sababu hakuiendesha porini, sawa, lakini pia kwa sababu hakuchomelea. Fundi wengi wangechomelea. Sinki, pampu, friji, madirisha, sola, hivyo vinatoka na kurudi. Mpe milioni tatu nne za vitu hivyo.

ChaliiWaNjiro · Jumatano, saa 2 usiku

Mrejesho. Gia nzito ipo, nimeingiza, imekubali, gari likatembea kama kinyonga. Nimemwambia mzee ukweli wote nikiwa nimekaa, mbele ya mama. Kichwa, mlango, mizani, kadi, betri. La plaiwudi nilitaka kuliruka, mama akasema mwenyewe, "Na ile kona inanuka uyoga, nilikwambia."

Nimemtajia milioni 34, kadi ikishakuwa kwa jina lake. Hakukasirika, wala hakukubali. Alichukua penseli akapanda ngazi, akakaa ndani muda mrefu, tukisikia anagonga kuta. Aliposhuka alikuwa amechora mstari kuzunguka pua yote ya kitanda. Akasema bei tutaongea baadaye, ila chumba kama ni cha kukatwa atakikata yeye, Jumamosi, nije na grainda kwa sababu yake imeungua.

Watoto bado hatujapata jibu. Mke wangu anasema tungoje kichwa cha milango minne.

MamaTengeru · Jumatano, saa 2 usiku

Mkeo ana akili. Nenda kamsaidie mzee kukata hata kama hununui.

FundiSpringi · Jumatano, saa 3 usiku

Jumamosi nina nafasi, nitakuja na grainda yangu na diski za kutosha. Mtungi wa gesi utolewe nje kabla sijafika, uwekwe mbali, upande upepo unakokwenda.